Mwalimu Aliyesikiliza Miguu

Mwalimu wetu wa miruko alikuwa haruki. Nasema haruki nikimaanisha hata mtaro. Mbele ya shule yetu, nje kidogo ya mji wa Songea ukielekea Mshangano, kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua ambao mtoto wa darasa la pili angeuvuka huku anatafuna muwa. Sisi tuliuruka na ndoo kichwani. Yeye akifika pale anasimama, anautazama kwa chuki kama mtu aliyetukanwa, halafu anageuka na kutembea mpaka kwenye kalavati, anavuka, na kurudi umbali uleule upande wa pili. Masika na kiangazi, alikuwa hivyo hivyo. Tulimsubiri ng'ambo tumemshikia vitambaa vyake vya darasani, tunacheka kwa pua.

"Chekeni," alikuwa akisema akishafika. "Mimi najua kinachoupata mguu ukitua. Nyinyi hamjui, ndiyo maana mnaruka."

Kazi aliyoajiriwa kufanya ilikuwa kufundisha sayansikimu: kupika, kushona, kutunza nyumba. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye mikono midogo na sauti kubwa, na futikamba ya kupimia nguo ilikuwa ikining'inia shingoni mwake hata kanisani. Michezo ya wasichana alipewa kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Wenzake walipenda mpira wa miguu, maana mpira una kelele na una safari. Wasichana walibakiziwa netiboli na kukimbia, na yeye akabakiziwa wasichana.

Mambo ya miruko aliyajulia dirishani. Chumba chake cha ushonaji kilipakana na shimo la mchanga walilofanyia mazoezi wavulana, na dirisha lenyewe lilikuwa juu sana. Ukiketi kwenye cherehani huoni nje hata kidogo, unasikia tu. Akasikiliza hivyo miaka mingi. Alituambia kwamba kabla hajamwona mvulana yeyote akiruka, alikuwa tayari anajua nani ataenda mbali na nani atakuja wiki ijayo akichechemea.

Niueleze mchezo wenyewe kwa asiyeujua. Miruko mitatu ni hivi: unakimbia, unakanyaga ubao, unaruka na kutua kwa mguu uleule uliorukia. Hapohapo unaruka tena na kutua kwa mguu wa pili. Hapohapo tena unaruka mara ya mwisho na kuanguka mchangani kwa miguu yote. Hakuna kupumua katikati. Anayejua, miguu yake inalia kwa nafasi zilizo sawa, tu, tu, tu, kama mtu anayetwanga bila haraka. Asiyejua anarefusha wa kwanza kwa tamaa, wa pili anaudonoa tu, halafu anajitupa mchangani kama gunia. Huyo Mwalimu alikuwa na neno lake: "Umeiba wa katikati."

Hilo neno nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Siku moja aliwauliza walimu wa kiume kwa nini wasichana hawarukii pale. Wakamwambia mchezo huo kwa wasichana haupo.

"Haupo wapi?" akauliza.

Wakacheka. Yeye hakucheka. Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja, na alikitaka kwa ukaidi ambao ulituchosha sisi wenyewe: wasichana waruke miruko mitatu, miruko yao ihesabiwe kama ya watu, na warudi nyumbani na magoti yao mazima. Vyote hivyo kwa pamoja. Ukimpa viwili akakosa cha tatu, anavirudisha vyote.

Sasa, namna yake ya kufundisha. Ungefika siku ya kwanza ungedhani umepotea njia. Anaweka msichana mwanzo wa njia ya kukimbilia, anamwambia "haya", halafu anampa mgongo. Kweli kabisa! Anageukia milima ya Matogoro, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande mmoja. Unakimbia, unaruka, unatoka mchangani unajipangusa, na yeye hajakuona hata kidogo. Kisha anakuambia ulichokifanya.

"Mguu wa kwanza umeupeleka mbele ukaupiga breki. Kisigino kimelia peke yake, kidole kikafuata. Mguu utue wote kwa pamoja, tena chini yako, siyo mbele yako. Unaukwangua udongo unaurudisha nyuma. Rudi."

"Mwalimu, si uangalie basi," Skola alimwambia siku moja. Skola, yaani Skolastika, alikuwa mdogo kuliko sisi wote na mdomo wake mkubwa kuliko wetu sote.

"Nikiangalia nitaona sura yako. Unakunja sura vizuri, nitadhani umeruka vizuri. Mguu hauna sura."

Tuliruka peku. Udongo wa kwetu ni mwekundu na mgumu wakati wa kiangazi, kwa hiyo alitufanya tuumwagie maji na kuulainisha kabla ya mazoezi, na shimo tulilijaza maranda kutoka kwa wapasua mbao, maana mchanga wa mtoni ulikuwa mbali na lori la shule lilikuwa limekufa. Tukimaliza mazoezi tulikuwa na maranda mpaka kwenye nywele. Mabwenini tulinuka mbao, na wavulana walituita samani. Hatukujali sana. Kwa kweli tulijali kidogo.

Mruko wa kwanza ndio uliotutesa. Kila msichana anataka kupaa. Unakanyaga ubao, moyo unakuambia panda, nawe unapanda. Mwalimu alikuwa anasema unapanda kama mtu anayechuma matunda ya masuku juu ya mti, na ukishayachuma unafikiri utashukia wapi? Utashukia mguu mmoja. Uzito wako wote, na zaidi ya uzito wako, unaushukia mguu mmoja wa mtoto wa kike ambaye bado anakua. Utakunjika goti, na hapo wa pili utakuwa huna nguvu nao, utauiba. "Nenda mbele," alisema. "Chini chini. Kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo."

Na hayo magoti ndiyo yaliyomkosesha raha. Kulikuwa na kioo kirefu katika chumba cha ushonaji, cha kujitazamia ukipima nguo. Alitupanga mbele yake tumevaa bukta, akachukua chaki ya fundi, ile ya bluu anayochorea kitambaa, na kumchora kila mmoja mstari kuanzia katikati ya goti, kushuka ugokoni, mpaka mguuni. Kisha unasimama kwa mguu mmoja na kushuka polepole kama unayetaka kuketi kwenye kigoda. Goti liende juu ya vidole. Likichungulia ndani, kuelekea mguu mwenzake, huruki siku hiyo. Na la wasichana, jamani, hupenda kuchungulia ndani! Langu la kushoto lilikuwa linachungulia kama jirani mwenye umbea. Nilifanya zoezi lile mbele ya kioo kwa miezi, nikiwaona wenzangu kupitia mlango uliokuwa wazi wakiruka na kucheka, na nikiapa kwamba nikitoka hapo sitamsalimia tena.

Kisha kulikuwa na habari ya mapindo. Hii sijaisikia kwa mwalimu mwingine yeyote duniani. Kila mwanzo wa muhula alitupanga mstari na kutazama sketi zetu zimefika wapi. Msichana ambaye sketi yake imepanda ghafla, yaani amerefuka haraka wakati wa likizo, hamruhusu kuruka muhula mzima. Anamwacha akimbie kidogo, apige netiboli, abebe maji. "Mifupa iko kazini," anasema. "Tusiisumbue." Wengi tulishusha mapindo usiku wa kuamkia shule ili sketi irudi chini. Skola alishusha lake kwa ustadi kabisa, akalipiga na pasi ya mkaa. Mwalimu akamtazama mara moja tu.

"Skola, umekuwa mrefu."

"Hapana, Mwalimu. Sketi ni ileile."

"Ni ileile, ndiyo. Lakini hapo chini ina ukanda ambao haujapauka." Akainama, akaushika ule mstari wa kitambaa kilichobaki na rangi yake ya zamani kwa sababu kilikuwa kimefichwa ndani ya pindo. "Kashone urudishe. Utaruka muhula ujao."

Skola alilia wiki nzima. Alikuwa anaruka kuliko sisi sote, na wote tulilijua hilo.

Mtu huyuhuyu, ngoja niseme na upande wake wa pili, maana nikiacha mtadhani alikuwa mtakatifu. Ile ilikuwa miaka ambayo marobota ya mitumba yalianza kufika sokoni Songea kwa wingi, na viatu vya kila aina vilimwagwa chini juu ya turubai. Siku robota linafunguliwa, Mwalimu alikuwa wa kwanza. Alisukumana na wauza mihogo. Sisi alitukataza viatu kabisa. Msichana mmoja alikuja na raba zenye misumari, za kukimbilia mbio fupi, nyembamba kisiginoni kama kandambili zilizochoka, naye akazichukua akazifungia kabatini, akamwambia hizo ni za mtu anayekimbia kwa ncha za vidole, wewe utatua nazo kisigino kitapasuka. Maneno ya haki. Lakini yeye mwenyewe alijinunulia viatu vyekundu vyenye visigino virefu na kuvivaa kwenye njia zetu za mawe, akiyumba, akishika kuta. Tulipomuuliza, alisema, "Mimi siruki."

Alikuwa hapendi uongo hata wa mzaha, na wakati huohuo akiulizwa umri wake anataja umri mdogo kuliko ule tuliomkuta nao. Alikuwa haachi misa ya asubuhi, na alikuwa amegombana na katekista mbele ya kanisa kwa sababu ya bukta zetu. Akikasirika sana Kiswahili kilimwisha, anahamia Kingoni, na hapo hata wale wasiokijua walikimbia. Nilimpenda? Kwa wakati ule, siku moja ndiyo na siku tano hapana.

Shida kubwa haikuwa walimu wala katekista. Ilikuwa wazazi. Habari zilifika vijijini kwamba shule inarusha wasichana, na kuruka huko kunaharibu kizazi. Ikaitishwa mkutano wa wazazi. Bibi yangu, aliyenilea, alikuja kutoka Mpitimbi amepanda lori la mahindi, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Mzee mmoja akasimama akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, sisi hatukatai michezo. Lakini mtoto wa kike akitupwa chini hivyo kila siku, atazaa na nini?"

Mwalimu alikuwa ameketi. Akasimama.

"Baba, shikamoo. Mkeo alipokuwa na mimba alichota maji wapi?"

"Mtoni."

"Alipanda mlima na ndoo?"

"Alipanda."

"Na kuni?"

Akina mama walioketi nyuma wakaanza kuguna, mmoja akasema "mwambie!" na wengine wakaangua kicheko.

"Na wakati huo hakuna aliyeitisha mkutano," Mwalimu akasema, akaketi.

Tulishangilia sana. Nilikuja kujua baadaye kwamba neno lile la kizazi lilimtia hofu yeye mwenyewe kuliko wazazi wote. Kabla ya mkutano alikuwa amekwenda Peramiho kumuuliza sista mmoja muuguzi aliyemfahamu. Sista akamwambia kizazi kiko salama, atazame magoti. Ndipo kioo na chaki vilipoanzia. Hakutuambia kwamba aliogopa. Alituambia tu tuvue viatu.

Bibi yangu naye hakuwa mtu wa kushangilia. Baada ya mkutano aliniweka kando, akanishika kidevu.

"Otilia, nisikilize. Kama ni mashindano ya kweli, ya kuandikwa, nenda. Ukirudi uniambie umekuwa wa ngapi. Kama ni kurukaruka tu, basi mguu huo nauhitaji shambani."

Nikamwahidi. Ahadi yenyewe haikuwa mikononi mwangu hata kidogo, maana mashindano ya wasichana hayakuwepo. Mwalimu alikuwa akienda ofisi za michezo za mkoa kila alipopata nafasi, amevaa vile viatu vyekundu, na kila mara anaambiwa arudi. Alirudi. Nadhani mwishowe walikubali ili wapumzike. Wakasema mwaka huu wasichana wataruka miruko mitatu kwenye mashindano ya mkoa, palepale mjini.

Siku yenyewe nilivaa bukta mpya aliyotushonea kwa mkono wake. Tulikuwa watatu; Skola alikuwa bado kwenye muhula wake wa kukaa nje. Bibi hakuja, kulikuwa na palizi, ila nilimsikia kichwani asubuhi nzima. Tukafika penye shimo la mchanga, na hapo Mwalimu akasimama kama anavyosimama kwenye mtaro.

Ubao ulikuwa mmoja tu, umezikwa ardhini, na ulikuwa wa wavulana. Ulikuwa mbali na mchanga kiasi ambacho mvulana wa kawaida alihangaika kufika. Sisi, hata nikiruka vizuri kuliko nilivyowahi kuruka, mruko wangu wa mwisho ungeishia kwenye ardhi ngumu. Ungeangukia udongo mkavu kwa miguu miwili, mwili mzima, kutoka juu.

Mwalimu akamwendea mwamuzi mkuu, bwana mmoja mrefu mwenye kofia na kipyenga. Akamwomba ubao mwingine, au mstari wa chokaa, karibu zaidi na mchanga.

"Mama, si mlitaka usawa?" yule bwana akasema. "Usawa ndio huu. Rukeni hapo, au acheni."

Wavulana walikuwa wanasubiri zamu yao, watu wamejaa kandokando wakila karanga. Mwalimu alifungua kanga yake kiunoni, akaikunja, akaitandika juu ya ubao, akaketi. Akavua viatu vyekundu, akaviweka pembeni vikiwa vimelingana.

"Mama, unazuia mashindano."

"Sizuii. Nimeketi."

Lo! Uwanja ulicheka mpaka basi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Walikuja waamuzi, akaja mkuu wa shule yetu akimsihi kwa sauti ya chini, akaja polisi mmoja ambaye alimwamkia shikamoo na kurudi alikotoka, maana alikuwa mwanafunzi wake zamani. Yeye alikuwa anatazama mchanga tu na kusema maneno yaleyale: magoti haya nimeazimwa na mama zao, nitayarudisha. Jua likapanda. Wavulana wakaanza kulalamika kwamba miili yao inapoa.

Mwisho yule bwana wa kipyenga akachoka. Akaleta chokaa, akachora mstari pale alipotaka Mwalimu. Lakini akasema: kwa kuwa mstari huo haumo kwenye kanuni, wasichana wataruka kama maonyesho. Hakuna kupima, hakuna kuandika.

Mwalimu akainuka, akajikung'uta. Akatugeukia. Sijawahi kumwona na uso ule, uso wa mtu aliyepewa viwili akanyimwa cha tatu. Nilijua kawaida yake, nilijua angevirudisha vyote.

"Mnataka?" akatuuliza.

Tukasema tunataka.

Akatupa mgongo. Mbele ya uwanja mzima akageukia Matogoro, mikono nyuma, peku, na watu wakacheka upya. Wenzangu waliruka kwanza. Kisha nikaitwa mimi. Nakumbuka chokaa ikija, nakumbuka nikapita chini ya ile kamba ya nguo isiyoonekana, na mguu ukatua wote kwa pamoja chini yangu, na goti langu la umbea likatulia mahali pake. Wa pili haukuisha. Nilikuwa hewani katikati ya wa pili na nikapata muda wa kushangaa. Kisha mchanga. Mchanga wa kweli, wa mtoni, siyo maranda.

Nilipoinua kichwa hakuna aliyekuwa akicheka. Mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine. Nikamtazama bwana wa kipyenga. Alikuwa ameshikilia futi yake imezungushwa, anatazama alama za visigino vyangu mchangani, na mkono wake haukusogea. Kijana mwenye reki akaja akasawazisha.

"Mwalimu," nikaita, na mchanga uko mdomoni. "Imehesabiwa?"

Alikuwa bado ametupa mgongo.

"Mimi nimeisikia," akasema.

Nilimchukia. Nilitaka namba, nilitaka namba ya kumpelekea Bibi, na yeye alikuwa na futikamba shingoni, palepale, angeweza kuinama tu akapima! Nikamwambia hivyo njiani, nikilia. Akasema akipima yeye utakuwa mruko wa nyumbani kwetu. Alitaka wapime wao. Mpaka leo sijui niliruka umbali gani, na siku nyingine, nikiwa naosha vyombo, bado inaniuma.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mpitimbi, na Mwalimu akanifuata bila kualikwa. Bibi alimpokea, akampa kigoda na ndizi za kuchoma. Wakasalimiana kwa kirefu, wakauliza habari za mahindi, za mvua, za marehemu. Kisha Bibi akanitazama.

"Haya. Umekuwa wa ngapi?"

Nikafungua mdomo. Mwalimu akanitangulia.

"Wa kwanza, mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole, akaingia ndani akatoka na jogoo, akamkabidhi Mwalimu.

Tulipokuwa tunarudi barabarani, jogoo akiwa kwapani mwake, nikamuuliza kuhusu uongo. Akasimama, akanikazia macho.

"Uongo gani? Mkoa huu mzima, kabla ya nyinyi wasichana wangu, nani aliwatangulia?"

Bibi hakunitoa shule. Mwalimu akarudi ofisini na viatu vyake vyekundu, muhula baada ya muhula. Ubao wa wasichana ulipozikwa na futi ikanyooshwa kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa nimeshamaliza shule. Aliyepimwa alikuwa Skola, yule aliyewekwa benchi kwa sababu ya pindo, mrefu sasa, magoti yake imara. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilikuwa na wivu pia, na sioni aibu kuusema.

Mimi nilisomea mazoezi tiba. Nafundisha watu kutembea tena: waliopooza, waliovunjika, waliokatwa. Watu hufikiri niliichagua kazi hii kwa huruma. Niliichagua kwa sababu ndiyo niliyokuwa naijua.

Miaka mingi ilipita. Siku moja, katika hospitali ya misheni ninakofanya kazi, nikaitwa wodi ya wanawake kwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga na kufungwa vyuma. Nilipokuwa bado koridoni, nguo za kazi zikipigapiga, nikasikia sauti kubwa ndani.

"Huyo anayekuja goti lake la kushoto bado linachungulia."

Nikasimama mlangoni, nikaweka mikono usoni, nikacheka na kulia kwa wakati mmoja. Alikuwa amepungua, nywele nyeupe, futikamba haipo.

"Shikamoo, Mwalimu. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nimeruka mtaro."

"Wewe?"

"Misa ilikuwa imeanza." Akavuta shuka mpaka kidevuni kwa aibu. "Nilipanda juu kama mchuma masuku. Mguu ukaenda mbele. Nilisikia kabisa kwamba nimekosea, kabla sijaanguka nilisikia."

Mpwa wake alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kumchukua. Kijana mzuri, mwenye heshima, na begi lilikuwa limeshafungwa. Alisema shangazi hawezi kuishi tena peke yake Mshangano. Mwalimu hakutaka kwenda kuketi kwenye kochi la watu mjini. Nyumba yake ilikuwa hapa, na mihogo yake, na cherehani yake. Wakakubaliana, na mimi nikiwa shahidi: akiweza kutoka kitandani mpaka mlangoni kwa fimbo, bila kushikwa, anarudi kwake. Akishindwa, anapanda basi la Dar. Na wa kuamua kama ameweza ni mimi.

Basi tukaanza. Kutembea kwa fimbo kuna sauti zake: fimbo, mguu unaouma, mguu mzima. Tu, tu, tu. Mgonjwa yeyote anauogopa ule mguu unaouma, anaukanyaga haraka haraka na kuukimbia. Mwalimu naye aliukimbia kama wengine. Siku ya kwanza nikampa mgongo, nikatazama ukuta, nikasikiliza.

"Umeiba wa katikati," nikasema.

Likanijia tusi la Kingoni ambalo siwezi kuliandika, na wodi nzima ikacheka.

Alikuwa mwanafunzi mbaya sana. Alibisha, alinuna, alisema fimbo ni fupi, sakafu inateleza, mimi ni mdogo. Siku aliyotakiwa kujaribu, mpwa wake alikuwa ametoka kutafuta chai. Nikamwambia tumsubiri. Akasema yeye hasubiri mtu, mwili unapoa. Akavua kandambili za hospitali, akaweka nyayo zake peku sakafuni, akashika fimbo. Nikageukia dirisha.

Fimbo. Kisha mguu ule, taratibu, wote kwa pamoja, na akaukalia kweli, nikasikia uzito wake ukiukalia. Kisha mguu mwingine. Tena. Na tena. Nafasi zilikuwa sawa. Nilikuwa nimefumba macho. Ikaja sauti ya kiganja kikigonga mbao za mlango, na pumzi zake.

"Otilia," akaita. "Yule mtoto hajaona. Imehesabiwa?"

"Mimi nimeisikia, Mwalimu," nikasema. "Na safari hii mwenye kuhesabu ni mimi."

Akasema basi nimpe viatu vyake, aende nyumbani. Nikainama chini ya kitanda. Vilikuwa vile vyekundu, vya visigino, vimepangwa vikilingana. Nikavitia kwenye begi na kufunga zipu, nikamwambia mpaka nimnunulie raba atatembea peku.